Maji ya Kisima Yanapotoka Kinyonge Nyumbani

Familia nyingi za Tanga mjini, Muheza, Pangani na Mkinga zina kisima chao wenyewe uani. Wengine walichimba kwa sababu mabomba ya mamlaka ya maji hayajawafikia. Wengine wanayo mabomba hayo, lakini walichimba ili wasikae bila maji siku yanapokatika. Baadaye wakafunga pampu, wakapandisha tangi juu ya jukwaa, wakavuta bomba hadi jikoni na bafuni, na mama akapumzika kubeba ndoo.

Halafu, baada ya miaka miwili mitatu, malalamiko huanza. Maji hayana nguvu. Ya jikoni yakifunguliwa, ya bafuni yanakatika. Pampu inaunguruma tangu asubuhi, uniti za LUKU zinakwisha, na tangi bado halijajaa. Ndipo baba anapoambiwa na jirani, "Nunua pampu kubwa zaidi." Mwezi huu tunataka kueleza kwa nini shauri hilo mara nyingi ni hasara, na kwamba kwetu sisi watu wa pwani linaweza hata kuharibu kisima chenyewe. Tutaeleza pia namna ya kutafuta ugonjwa wa maji hatua kwa hatua, kama vile mgonjwa anavyopimwa kabla ya kupewa dawa.

KWA NINI HII NI HABARI YA AFYA?

Huenda msomaji atajiuliza, habari za mabomba zimeingiaje katika ukurasa wa afya? Zimeingia kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni mikono. Maji yanapotoka kidogo, familia haiachi kunywa wala kupika. Kinachoachwa kwanza ni kunawa mikono. Mtoto akitoka chooni akakuta koki inatoa uzi mwembamba wa maji, hana subira ya kusubiri. Atalowesha vidole na kukimbilia sahani. Vyombo navyo huoshwa katika beseni moja tangu cha kwanza hadi cha mwisho. Maji ya kunywa huwekwa katika ndoo isiyo na mfuniko, na kila mtu anachota kwa kikombe chake. Hapo ndipo kuhara, kuhara damu, homa ya matumbo na minyoo hupata njia. Tukumbuke kwamba kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015, hakikubaki huko, bali kilisambaa katika mikoa mingi ya nchi yetu. Ugonjwa huo huzuiwa kwa maji safi, choo kizuri, na mikono iliyonawa kwa sabuni na maji yanayotiririka.

Sababu ya pili haionekani kwa macho. Bomba lililojaa maji yenye nguvu, likitoboka, hutoa maji nje. Lakini nguvu ikiisha ndani ya bomba, mambo hugeuka: tope na maji machafu yaliyozunguka tundu lile huweza kunyonywa kuingia ndani. Kama bomba limepita karibu na karo, shimo la maji machafu au banda la mifugo, hayo ndiyo yatakayoingia. Kwa maneno mengine, mahali maji yanapovuja kwenda nje, uchafu nao unaweza kuingia.

Kwa hiyo, wakati mnatafuta fundi, msiache mikono ikae bila maji. Tundikeni kibuyu chirizi karibu na choo na kingine karibu na jiko: dumu dogo lenye tundu, kamba na kijiti cha kukanyagia, na sabuni pembeni. Maji ya kunywa yawekwe katika ndoo yenye mfuniko na koki.

NGUVU YA MAJI INATOKA WAPI?

Katika nyumba yenye tangi la juu, nguvu ya maji hutokana na kimo, yaani tofauti kati ya usawa wa maji ndani ya tangi na koki unayoifungua. Ukubwa wa tangi hauongezi nguvu. Tangi la lita 5,000 lililokaa chini litatoa maji kwa unyonge kuliko tangi la lita 500 lililo juu ya jukwaa refu.

Mafundi hupima nguvu hiyo kwa kipimo kinachoitwa baa. Kila mita 10 za kimo huleta karibu baa 1. Tangi lililo mita 3 juu ya koki litaleta karibu sehemu tatu tu za kumi ya baa. Nguvu hiyo inatosha kunawa na kujaza ndoo, lakini ni ndogo kwa bomba la mvua la bafuni, hasa kama kichwa cha bomba la mvua kipo karibu sawa na kitako cha tangi. Basi kama maji yalikuwa dhaifu tangu siku ya kwanza, huenda hakuna kilichoharibika. Tangi liko chini mno, au bomba ni jembamba mno.

Kuinua tangi ni dawa nzuri, lakini tahadhari. Lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja. Jukwaa lazima lijengwe na fundi anayejua, maana upepo wa bahari hula vyuma haraka, na nondo iliyoliwa na kutu ndani ya zege haionekani mpaka jukwaa linapoinama juu ya watoto wanaocheza.

PIMA KWA NDOO KABLA YA KUITA FUNDI

Chukua ndoo ya lita 20 na saa yenye mshale wa sekunde. Pima muda wa kujaza ndoo mahali patatu:

1. Pale maji ya pampu yanapoingia katika tangi, pampu ikiwa inafanya kazi.

2. Pale maji yanapotoka katika tangi, kwenye koki iliyo karibu nalo kabisa.

3. Kwenye koki ya jikoni au ya bafuni, nyingine zote zikiwa zimefungwa.

Sasa linganisha. Ikiwa pampu inajaza ndoo kwa dakika moja, lakini koki ya jikoni inachukua dakika sita, pampu haina kosa. Ugonjwa uko kati ya tangi na jikoni, na pampu kubwa haitasaidia kitu. Ikiwa pampu yenyewe inachukua dakika sita, wakati zamani ilichukua moja, basi tafuta kwenye pampu, kwenye bomba la kuvuta, au ndani ya kisima.

Jiulize pia: Je, ni koki moja tu au zote? Ikiwa ni moja, ugonjwa uko kwenye koki hiyo au bomba lake. Je, maji yalipungua ghafla au pole pole? Kupungua ghafla huashiria kitu kilichopasuka, kilichoziba au kilichoungua. Kupungua pole pole kwa miezi huashiria ukoko, kutu, au kisima kinachopungukiwa.

Inafaa kila familia iandike vipimo hivi katika daftari siku ambayo kila kitu kiko kizima. Siku ya taabu daftari hilo litakuwa shahidi.

UGONJWA UKIWA KATI YA TANGI NA KOKI

Ukoko wa chokaa. Ardhi yetu ya pwani ina mawe mengi ya chokaa na matumbawe. Mapango ya Amboni yalichongwa na maji ndani ya mwamba wa chokaa, na saruji ya Pongwe hutengenezwa kwa mawe ya aina hiyo. Maji yaliyopita katika mawe hayo huyeyusha chokaa na kubeba, kisha huiacha njiani. Tazama ndani ya birika la chai: ule ukoko mweupe ndio huo huo unaobana koki na kichwa cha bomba la mvua. Kuunywa si sumu, lakini huziba njia.

Fungua kichwa cha bomba la mvua na kichujio kidogo cha kwenye koki, uviloweke usiku kucha katika siki au maji ya ndimu, asubuhi usugue kwa mswaki wa zamani. Mara nyingi dawa ni hiyo tu, wala haigharimu zaidi ya ndimu chache. Lakini angalia sana: usichanganye kamwe siki au ndimu na dawa ya klorini ya kufulia. Mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu inayochoma macho na mapafu.

Bomba la zamani la chuma. Bomba la chuma huota kutu ndani hadi tundu linabaki dogo kama kidole cha mtoto. Kulisafisha hakudumu, hivyo libadilishwe kwa bomba la plastiki. Usibane matumizi kwa kununua jembamba. Bomba kuu la kutoka kwenye tangi liwe nene, kwa mfano inchi moja, na yale ya kwenda kwenye kila koki yaweza kuwa ya nusu inchi. Bomba la nusu inchi likilazimishwa kuhudumia nyumba nzima, koki mbili zikifunguliwa pamoja lazima moja ilie.

Koki za njiani. Kabla ya kuchimbua chochote, hakikisha koki kubwa ya kwenye tangi imefunguliwa yote. Mara nyingine mtu aliifunga wakati wa matengenezo, akaifungua nusu.

Hewa iliyonaswa. Ikiwa bomba limelazwa likipanda na kushuka kama mgongo wa ngamia, hewa hujikusanya kwenye vilele na kuzuia maji. Dalili yake ni maji kutoka kwa kukohoa: yanakuja, yanakatika, yanapiga mluzi. Fungua koki zote mpaka maji yatoke bila kukohoa. Yakirudia tena, bomba lilazwe upya literemke mfululizo, au fundi aweke mahali pa kutolea hewa.

Uvujaji. Funga koki zote za nyumba jioni, zima pampu, kisha weka alama kwenye usawa wa maji ya tangi. Asubuhi, kabla mtu hajatumia maji, tazama alama yako. Maji yakiwa yameshuka, kuna mahali yanatoka. Tafuta majani yaliyostawi kiangazi, udongo mbichi, au tangi la choo linalolia usiku. Bandu bandu huisha gogo: tundu linalovujisha lita moja kwa kila dakika tano hupoteza lita 288 kwa siku, yaani ndoo 14. Hakuna mama ambaye angekubali kuzibeba ndoo hizo na kuzimwaga.

Takataka za tangi. Tangi lisilooshwa mwaka mzima huweka tope chini, na tope hilo huingia katika bomba la kutolea. Lioshe angalau mara mbili kwa mwaka, na lifunikwe ili mijusi, majani na mbu wasiingie. Tazama pia boya linalofunga maji tangi likijaa. Likikwama, tangi halitajaa.

UGONJWA UKIWA KWENYE PAMPU

Pampu iliyo juu ya ardhi haivuti maji kama watu wengi wanavyodhani. Inaondoa hewa ndani ya bomba, na uzito wa hewa ya dunia unaoukandamiza uso wa maji kisimani ndio unaoyasukuma kupanda. Jambo hili liliwasumbua mafundi wa visima wa Florence, Italia, ambao pampu zao zilikataa kuinua maji zaidi ya mita 10 hivi. Mwaka 1643 mwanafunzi wa Galileo, Evangelista Torricelli, alionyesha kwamba hewa ina uzito, nao una mpaka wake. Mpaka huo haujabadilika hata leo. Katika hali halisi, pampu ya juu hufanya kazi vizuri ikiwa maji hayako zaidi ya mita 7 chini yake.

Kwa hiyo, kama maji ya kisima chako yapo mita 6 wakati wa masika, yakashuka hadi mita 8 mwishoni mwa kaskazi, pampu itadhoofika kila mwaka majira hayo hayo. Haijaharibika. Imefika mwisho wa uwezo wake, na pampu ya juu iliyo kubwa zaidi itakutana na mpaka ule ule. Hapo inafaa pampu ya kuzama ndani ya maji, ambayo husukuma kutoka chini.

Mambo mengine ya kutazama kwenye pampu ni haya:

1. Valvu ya chini ya bomba la kuvuta. Mafundi huiita futivalvu. Kazi yake ni kuzuia maji yasirudi kisimani pampu ikizimwa. Ikiliwa na mchanga au kukwamishwa na jani, kila asubuhi itabidi pampu ijazwe maji upya kabla ya kuvuta. Ioshwe, na ikichakaa ibadilishwe. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya pampu.

2. Hewa inayoingia kwenye maungio. Tundu dogo kwenye bomba la kuvuta halitoi maji nje, bali huvuta hewa ndani, ndiyo maana halionekani. Paka povu la sabuni kwenye maungio pampu ikiwa inafanya kazi. Povu likinyonywa, ndipo hapo. Fundi afungue, azungushie upya ule utepe mweupe, akaze.

3. Mchanga. Gurudumu la ndani lenye mapanga huliwa na mchanga mpaka likawa halisukumi tena. Ikiwa maji ya ndoo yanaacha mchanga chini, bomba la kuvuta lipandishwe lisiguse kitako cha kisima.

4. Umeme mdogo. Taa zikiwa hafifu jioni, pampu nayo huzunguka kwa unyonge na kupata moto. Ipumzishe, uijaze tangi saa ambazo umeme una nguvu. Pampu inayounguruma bila kuzunguka izimwe mara moja, isije ikaungua.

5. Pampu za kujiwasha zenyewe. Baadhi ya nyumba za mjini zina pampu yenye kitangi cha chuma chenye hewa ndani, inayowaka koki ikifunguliwa. Ikiwa inawaka na kuzimika kila baada ya sekunde chache, hewa ya kitangi imepungua au mpira wake umepasuka. Hiyo ni kazi ya fundi.

UGONJWA UKIWA NDANI YA KISIMA

Funga jiwe kwenye kamba, teremsha, upime kina cha maji kabla ya kuwasha pampu na baada ya nusu saa ya kuvuta. Maji yakishuka upesi na kuchelewa kurudi, kisima hakiwezi kuilisha pampu uliyo nayo. Sababu yaweza kuwa kiangazi, tope lililojaa chini, au majirani waliochimba karibu.

Walio karibu na bahari wana jambo jingine la kuangalia. Katika visima vingi vya ukanda wa matumbawe, maji hupanda na kushuka kwa kufuata kujaa na kupwa kwa bahari, yakichelewa kidogo. Ikiwa pampu yako inavuta hewa saa fulani na saa nyingine inavuta vizuri, linganisha na saa za maji ya bahari, hasa siku za bamvua. Pengine tiba ni kubadili saa ya kujaza tangi, basi.

Na hapa ndipo tulipoahidi kueleza hatari ya pampu kubwa. Chini ya ardhi ya pwani, maji baridi ya mvua yanaelea juu ya maji ya chumvi, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Wataalamu wa maji wameeleza kwamba, kwa kawaida, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari huzuia chumvi isipande hadi mita 40 hivi chini ya usawa huo. Ukiyashusha maji baridi kwa mita 1 na kuendelea hivyo siku nyingi, unaipa chumvi ruhusa ya kupanda mara nyingi zaidi ya hapo. Mtu anayeweka pampu kubwa ili apate maji mengi kwa haraka anaweza kupata maji ya chumvi, na jirani zake nao wakayapata. Kisima kilichoingiwa na chumvi huchukua muda mrefu kupona, na pengine kisipone.

Kuchemsha hakuondoi chumvi, wala dawa ya klorini haiondoi. Maji yakipungua kwa kuchemka, chumvi huzidi. Wenye shinikizo la damu, wenye ugonjwa wa figo na wajawazito wasiyafanye maji ya namna hiyo kuwa maji yao ya kunywa ya kila siku. Watafute maji matamu, au wakinge ya mvua wakati wa masika na vuli.

Dawa ya kisima dhaifu ni kuvuta kidogo kidogo na kuweka akiba. Pampu ndogo inayofanya kazi saa moja asubuhi na saa moja jioni, ikijaza tangi la kutosha lililo juu, italisha nyumba vizuri kuliko pampu kubwa inayokausha kisima kwa dakika kumi. Anayetaka kuchimba kisima kirefu cha mashine aulize kwanza ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani kuhusu taratibu na kibali.

MAMBO YA HATARI

1. Usiteremshe kamwe pampu ya petroli au dizeli ndani ya kisima, wala kuiwasha mdomoni mwa kisima mtu akiwa chini. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua kwa dakika chache. Wapo wanaoteremsha taa ili kupima kama hewa ni nzuri. Taa ikizimika, ni kweli hewa ya kupumua haitoshi. Lakini sumu ya moshi wa injini haizimi taa, kwa hiyo taa kuwaka si hakikisho.

2. Mtu akianguka kisimani, wa pili asimfuate bila kamba, na wa tatu vivyo hivyo. Namna hiyo familia moja huweza kupoteza watu wengi kwa saa moja. Kazi ya kuteremka kisimani ni ya mafundi wenye kamba na watu wa kuwavuta juu.

3. Zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kugusa pampu. Mikono yenye maji na nyaya zilizounganishwa kwa mfuko wa nailoni ni msiba.

4. Usinyonye bomba kwa mdomo ili kuyaanzisha maji. Ukinyonya maji ya kisima kilichofunguliwa, umekunywa kila kilichomo.

5. Usiache mpira wa maji umezama katika beseni la kufulia. Nguvu ikiisha kwenye bomba, maji ya beseni yatarudi ndani.

BAADA YA MATENGENEZO: SAFISHA

Bomba likifunguliwa au fundi akiingia kisimani, uchafu umeingia pia. Msinywe maji hayo kabla ya kutia dawa. Ni vizuri kumwita Bwana Afya wa kata awaongoze. Hesabu ni hii:

Kisima cha duara chenye upana wa mita 1 kina karibu lita 800 kwa kila mita 1 ya kina cha maji. Chenye upana wa mita 1.2 kina karibu lita 1,130. Kwa kila lita 1,000 tia lita 1 na nusu ya dawa ya klorini ya maji isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 3.5, au gramu 70 za unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 70. Unga ukorogwe kwanza katika ndoo ya maji, mahali penye hewa, kwa kijiti, mikono ikiwa na glavu au mifuko ya plastiki.

Washa pampu, fungua kila koki mpaka harufu ya dawa isikike, kisha funga yote. Acha usiku kucha, si chini ya saa 12. Maji hayo yasitumiwe na mtu wala mnyama. Kesho yake yavute na kuyamwaga, mbali na bustani na bwawa la samaki, mpaka harufu iishe.

Hata baada ya hapo, maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa kama WaterGuard kwa kufuata maelezo ya paketi. Kisima ni jirani wa vyoo. Kwa kawaida tunashauri mita 30 kati ya choo na kisima, lakini mwamba wa matumbawe una nyufa na mianya, na uchafu husafiri ndani yake mbali kuliko katika udongo.

Mtoto akiharisha, mpeni maji ya chumvichumvi ya ORS kidogo kidogo tangu mharo wa kwanza. Aliye bado ananyonya aendelee kunyonya. Akiwa amelegea, macho yameingia ndani, hawezi kunywa, anaharisha damu, au kinyesi ni kama maji ya mchele, apelekwe kituo cha afya bila kungoja kesho.

KWA KIFUPI

Pima kwa ndoo mahali patatu. Anza na vitu vya bei ndogo: koki, kichujio, ukoko, valvu, maungio. Usipoziba ufa utajenga ukuta, kwa hiyo uvujaji uzibwe leo. Inua tangi kabla ya kufikiria pampu. Vuta maji kidogo kidogo, uache bahari ikae mahali pake. Na siku yoyote maji yakiwa machache, ya kunawa mikono yatengwe kwanza.